Kondoo Kuzaa Mapacha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mchango wa Jeni

Kwa nini kondoo wa mbegu fulani huzaa mmoja mmoja, na wa mbegu nyingine huzaa watatu?

Anza na ovari. Kondoo jike huingia joto kila baada ya siku 17 hivi, na katika kila mzunguko vifuko vingi vya mayai huanza kukua. Karibu vyote hufa njiani. Vichache vinavyobaki ndivyo hupasuka na kuachia yai. Jike wa Merino wa kawaida huachia yai moja, mara chache mawili. Romanov wa Urusi na Finnsheep wa Ufini huachia matatu au zaidi, na ndiyo maana uzao wao wa kawaida ni kati ya wana wawili na watatu.

Mapacha wa kondoo karibu wote hutoka kwenye mayai tofauti. Wa yai moja ni nadra mno. Kwa hiyo idadi ya wana hutegemea mambo matatu yanayofuatana: mayai mangapi yameachiwa, mangapi yamerutubishwa, na mimba ngapi zimepata nafasi na lishe ndani ya tumbo la uzazi. Jeni tunazozungumzia hapa hufanya kazi hasa kwenye hatua ya kwanza. Jike akiachia mayai matano, usitarajie wana watano. Tumbo lina kikomo chake, na kadiri mayai yanavyoongezeka ndivyo yanavyopotea mengi zaidi.

Ni jeni moja au ni nyingi?

Yote mawili, kutegemea mbegu. Katika kondoo wengi sifa hii imetawanyika kwenye jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo sana. Hapo urithi wake ni wa chini, karibu asilimia 10. Maana yake ni kwamba tofauti nyingi unazoziona zizini kwako kati ya jike huyu na yule zinatokana na chakula, umri, afya na bahati, si damu yao.

Lakini zipo mbegu ambazo jeni moja tu inabadilisha kila kitu. Majina matatu ndiyo yanayojirudia: BMPR1B iliyoko kwenye kromosomu 6, GDF9 kwenye kromosomu 5, na BMP15 kwenye kromosomu X. Zote tatu zinahusika na mazungumzo kati ya yai na seli zinazolizunguka. Kuna pia B4GALNT2, iliyogunduliwa kwa kondoo wa Lacaune wa Ufaransa.

Kwa hiyo mfugaji akisema "mbegu yangu inazaa mapacha", swali la kwanza la kumuuliza ni hili: kuna jeni moja kubwa hapo, au ni wingi wa jeni ndogo ndogo? Namna ya kuzalisha kondoo hao hutofautiana kabisa.

Jeni ya Booroola ni nini, na ilitoka wapi?

Hii ndiyo iliyofungua macho ya watafiti wengine wote. Booroola lilikuwa shamba la ndugu wa ukoo wa Seears, karibu na Cooma katika jimbo la New South Wales, Australia. Walifuga Merino, ila walikuwa na tabia ambayo majirani hawakuwa nayo: waliwabakiza kondoo waliozaliwa mapacha watatu, wanne au zaidi. Kuanzia mwaka 1958 baadhi ya kondoo hao wakahamia kwa CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, ambako mtaalamu wa jenetiki Helen Newton Turner alikuwa akifuatilia uzazi wa Merino.

Mwanzoni iliaminika kwamba akina Seears wamekusanya jeni nyingi ndogo kwa uvumilivu wao. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, hesabu za mayai kwa mabinti na wajukuu zilionyesha picha nyingine: kondoo waligawanyika makundi, kama inavyotokea pale jeni moja inaporithishwa. Ikaitwa FecB. Mwaka 2001 makundi matatu ya watafiti, kila moja kivyake, yakaipata hasa ilipo. Ni herufi moja tu ya DNA iliyobadilika ndani ya BMPR1B, ikabadilisha kiungo kimoja cha protini yake.

Matokeo yake hayana ubishi. Kila mnyama hurithi nakala mbili za jeni kama hii, moja kwa mama na moja kwa baba. Kwa Merino, nakala moja ya FecB huongeza yai moja na nusu hivi kwa kila mzunguko, na mwana mmoja hivi kwa kila uzao. Nakala mbili huongeza mayai karibu matatu, lakini wana huongezeka kwa mmoja na nusu tu. Hapo unakiona kile kikomo cha tumbo.

Asili yake haikuwa Australia. Mwaka 1792 na 1793 meli kutoka Kolkata zilileta Sydney kondoo wadogo wa Bengali. Ndugu za kondoo hao bado wapo: wanaitwa Garole, wanaishi kwenye mabwawa na mikoko ya Sundarbans, pwani ya Bengali, jike mzima hana zaidi ya kilo 15 hivi, na kuzaa mapacha kwao ni jambo la kila siku. Vipimo vya DNA vilivyotangazwa mwaka 2002 viliikuta FecB kwa Garole na pia kwa kondoo wa Java, Indonesia. Baadaye ikaonekana China, kwa Hu na kwa Small Tailed Han. Mimi naona historia hii inastahili kusimuliwa kila mara, maana utajiri ambao mataifa makubwa yaliutafiti kwa fedha nyingi ulikuwa umetunzwa karne nyingi na wafugaji maskini wa Bengali, kwenye kondoo ambao mnunuzi wa mnadani asingewatupia jicho.

Jeni hizi zinafanyaje kazi ndani ya mwili?

Yai changa hutengeneza protini mbili, GDF9 na BMP15, na kuzipeleka kwa seli za kifuko chake. Seli hizo huzipokea kwa vipokezi, na kimojawapo ndicho BMPR1B. Ujumbe unaopita hapo huamua kasi: lini seli zianze kuitikia FSH, homoni inayokuza vifuko, na lini kifuko kikomae.

Kwa kondoo wa kawaida, kifuko kimoja huwahi, hukua kikubwa, na homoni zake hushusha FSH kiasi kwamba wenzake hukosa nguvu na kufa. Kwa mwenye FecB, vifuko hukomaa mapema vikiwa bado vidogo. Kimoja peke yake hakitoi homoni za kutosha kuwazima wenzake, hivyo kadhaa hufika mwisho pamoja. Jumla ya seli ni karibu ileile. Zimegawanywa tu kwenye vifuko vingi. Kwa hiyo mwili wa jike huyo haufanyi kazi kubwa zaidi kuliko wa mwenzake hadi hapo. Kazi huanza mimba ikishika.

Nimesikia jeni ya mapacha inaweza kufanya kondoo awe tasa. Ni kweli?

Ni kweli kwa baadhi ya jeni, na hapa ndipo wafugaji wengi hupata hasara bila kujua sababu.

New Zealand kulikuwa na jike wa Romney aliyeandikwa kwa namba A281. Katika mizao 11 alizaa wana 33. Uzao wake ukafuatiliwa, na mwaka 1991 ikatangazwa kwamba sifa yake iko kwenye kromosomu X. Ikaitwa Inverdale. Mwaka 2000 ikathibitishwa kuwa ni badiliko kwenye BMP15. Jike mwenye nakala moja huachia yai moja zaidi na huongeza wastani wa wana kwa 0.6 hivi. Mwenye nakala mbili hana kitu: ovari zake ni nyembamba kama uzi, vifuko vimesimama kukua tangu hatua za mwanzo kabisa, na hatazaa maisha yake yote. Kwa nje huwezi kumtofautisha. Ana mwili mzuri, ananenepa kuliko wenzake, na mfugaji asiyejua humpa dume msimu baada ya msimu akingoja.

Sababu ni kwamba BMP15 ikipungua kidogo, vifuko huwahi kukomaa. Ikikosekana kabisa, vifuko havianzi hata safari. Jambo lilelile lilijitokeza kwa Belclare wa Ireland na Cambridge wa Uingereza, mbegu mbili zinazosifika kwa uzazi ambazo zilikuwa na majike tasa yasiyoeleweka mpaka mwaka 2004, yalipopatikana mabadiliko kwenye BMP15 na GDF9. Iceland nako wana jeni iitwayo Thoka, kutoka kwa jike aliyezaliwa mwaka 1950. Iko kwenye GDF9, na nakala mbili zake huleta utasa vilevile.

Zipo mbegu zinazokwenda kinyume na kanuni hii. Kwa Grivette wa Ufaransa na Olkuska wa Poland, mabadiliko ya BMP15 yaliyoelezwa mwaka 2013 hayaleti utasa. Mwenye nakala mbili huzaa zaidi kuliko mwenye moja. Kwa Finnsheep, badiliko la GDF9 nalo halifanyi jike kuwa tasa. FecB, kama ulivyoona juu, pia ni salama kwa nakala mbili. Hivyo usikubali mtu akuuzie "jeni ya mapacha" bila kukutajia ni ipi.

Dume ana mchango gani? Wengine husema dume wa pacha ndiye anayeleta mapacha.

Idadi ya mayai huamuliwa na mwili wa jike. Dume aliyezaliwa pacha hawezi kumfanya mke wake aachie mayai mawili usiku huo. Anachoweza ni kuyapoteza: mbegu zake za kiume zikiwa hafifu, au akipewa majike wengi kupita nguvu zake, baadhi ya mayai hayatarutubishwa.

Mchango wake mkubwa uko kwa mabinti zake. Yeye hubeba jeni hizo bila kuzionyesha, kwa sababu hana ovari, kisha huzitawanya kwa makumi ya mabinti, wakati jike mmoja atakuachia mabinti wachache tu. Kwa FecB, dume mwenye nakala mbili atampa kila mtoto nakala moja. Mwenye nakala moja atawapa nusu yao.

Kwa Inverdale hesabu ni tofauti kwa sababu ya kromosomu X. Dume ana X moja tu, na huitoa kwa mabinti wote, wala hampi mwanawe wa kiume hata mmoja. Dume mbebaji akipanda majike wasio na jeni, mabinti wote watakuwa wabebaji wazuri. Akipanda majike wabebaji, nusu ya mabinti watakuwa tasa. Ndiyo maana wafugaji wa New Zealand wanaotumia Inverdale huwapandisha mabinti hao kwa dume wa nyama wa mbegu nyingine, na wana wote huishia kuchinjwa. Hakuna binti anayerudi kundini.

Jike wangu alizaa watatu mwaka jana. Binti yake naye atazaa watatu?

Usiweke dau. Kama kundi lako halina jeni kubwa, uzao mmoja unakuambia machache sana. Jike huyo huenda alipandishwa wakati malisho yamechipua, akiwa katika umri wake mzuri. Majike wachanga katika uzao wa kwanza huzaa wachache. Wengi hufika kilele wakiwa na miaka minne hadi sita.

Mtazame jike mwenye mizao mitatu au minne. Kama amezaa mapacha mara tatu kati ya nne, na dada zake na mama yake walifanya hivyo, hapo una kitu. Maendeleo ya njia hii ni ya polepole lakini ni ya kweli. Ethiopia, miradi ya vijiji iliyoanza mwaka 2009 kwa kondoo wa Bonga na Horro ilikuwa ya namna hii: wanakijiji huandika mizao, hukaa pamoja kuchagua madume wachache kutoka kwa mama wazuri, kisha huwatumia madume hao kwa zamu. Uzazi wa makundi hayo umepanda bila maabara yoyote ya jeni.

Chakula kinaweza kuongeza mapacha bila jeni?

Ndiyo, kwa kiasi. Jike akiongezewa lishe wiki mbili au tatu kabla ya kupandishwa, mayai huongezeka, hasa kama alikuwa amekonda wastani. Aliyenenepa tayari hapati faida kubwa. Aliyekonda sana huenda asiingie joto kabisa.

Ila chakula kinamfikisha jike mpaka pale jeni zake zinaporuhusu, basi.

Je, kondoo wetu wekundu wa Kimaasai wana jeni hizi?

Kondoo mwekundu wa Kimaasai huzaa mmoja kwa kawaida, mapacha mara chache. Wafugaji wake hawakuhitaji zaidi. Kwenye nchi kavu, ambako jike hutembea mchana kutwa kutafuta majani na maji, mwana mmoja mwenye nguvu za kumfuata mama ni bora kuliko wawili watakaoachwa njiani.

Dorper, aliyetengenezwa Afrika Kusini kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo mwenye kichwa cheusi wa asili ya Kisomali, huzaa mapacha mara nyingi zaidi akilishwa vizuri. Kwa sababu hiyo na kwa ukubwa wake alienea Kenya na Tanzania, na wekundu halisi wakapungua. Sasa sikiliza yaliyotokea Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990. Watafiti waliwafuga Dorper, wekundu wa Kimaasai na machotara wao pamoja, kwenye joto na unyevu ambako mnyoo wa tumboni Haemonchus contortus hustawi. Wana wa Dorper walikufa kwa wingi. Wekundu walivumilia, na mwisho wa hesabu kundi lao lilitoa mazao mara kadhaa zaidi ya Dorper. Mtu aliyehesabu waliozaliwa tu asingejua nani mshindi.

Basi je, niingize jeni ya mapacha kwenye kundi langu?

Jibu langu hutegemea kitu kimoja: una uwezo wa kumlisha jike mwenye mimba ya mapacha katika wiki sita za mwisho? Huo ndio muda ambao wana hukua kwa kasi, tumbo la chakula linabanwa, na jike asipopata nafaka, pumba au majani mazuri mwili huanza kuyeyusha mafuta yake mpaka damu inachafuka. Utamwona amejitenga, haoni vizuri, anasukuma kichwa ukutani, kisha analala asiamke. Ugonjwa huu huwashika hasa wenye mapacha.

Mfano mzuri wa kuigwa uko Phaltan, jimbo la Maharashtra, India. Taasisi ya kilimo ya Nimbkar ilichukua FecB kutoka kwa Garole na kuiingiza kwa kondoo wakubwa waitwao Deccani, ambao karibu wote huzaa mmoja. Kwa kila kizazi walichukua wabebaji waliothibitishwa kwa kipimo na kuwapandisha tena kwa Deccani, ili jeni ibaki lakini udogo wa Garole upotee. Kwenye zizi za wafugaji wa kawaida, jike mwenye nakala moja aliongeza karibu nusu mwana kwa kila uzao. Hawakukimbilia nakala mbili. Walitaka mapacha wawili, siyo watatu, kwa kuwa mfugaji wa pale anaweza kuwatunza wawili. Huo ndio uamuzi ninaoupenda kuliko yote niliyoyaeleza hapa.

Mapacha watatu si faida zaidi ya wawili?

Jike ana chuchu mbili. Wa tatu huzaliwa mwepesi, hana akiba ya mafuta, na wenzake humsukuma. Nenda zizini alfajiri umtazame: amesimama mgongo umepinda, masikio yamelegea, ubavu umebonyea. Mtie kidole mdomoni. Mdomo ukiwa wa baridi na hanyonyi kidole, una muda mfupi tu wa kumwokoa. Mpashe joto kwanza, kisha umpe dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ya mama yake, au ya jike mwingine aliyezaa siku hiyo. Bila dang'a katika saa chache za mwanzo hana kinga yoyote.

Mwenye maziwa ya mbuzi au ng'ombe na mtu wa kukaa nyumbani anaweza kumlea kwa chupa. Asiye navyo ahesabu vizuri. Uzani wa wana watakaofika kuachishwa kunyonya, ukigawanya kwa idadi ya majike uliowapandisha, ndiyo namba ya kufuatilia.

Mwana jike aliyezaliwa pamoja na dume huwa tasa kama kwa ng'ombe?

Kwa kondoo hutokea kwa nadra sana, na huonekana zaidi kwenye makundi yanayozaa watatu na kuendelea. Usimwondoe kwa sababu hiyo pekee.

Nitachaguaje bila maabara?

Daftari na hereni za masikioni zinatosha kuanzia. Andika tarehe ya kuzaa, mama, dume kama unamjua, idadi ya waliozaliwa, walio hai baada ya siku tatu, na walioachishwa. Usiwasahau waliozaliwa wamekufa, maana nao ni mayai yaliyorutubishwa. Baada ya mizao mitatu, bakiza madume kutoka kwa mama waliozaa mapacha na kuwakuza wote wawili. Mama anayezaa watatu na kufikisha mmoja hakufai kuliko anayezaa wawili na kuwafikisha wote.

Badilisha dume kabla hajapanda mabinti zake. Kuzaliana kwa ndugu hupunguza idadi ya wana na hudhoofisha wanaobaki, na kundi dogo la kijijini huharibika hivyo bila mtu kuona.

Kipimo cha DNA hufanywaje, na ni lini kinahitajika?

Huchukuliwa kipande kidogo cha sikio, damu au nywele zenye mizizi. Maabara huzidisha sehemu ya jeni husika. Kwa FecB, kwa mfano, hutumia kimeng'enya kiitwacho AvaII kinachokata DNA yenye badiliko na kuiacha isiyo nalo, kisha urefu wa vipande hueleza kama mnyama ana nakala moja, mbili au hana. Mnyama anaweza kupimwa akiwa na umri wa siku moja, dume kwa jike.

Kinahitajika pale unaponunua dume anayesemekana kubeba jeni kubwa, na pale kundi lenye sifa ya mapacha linapoonyesha majike wanene wasiozaa. Kwa kesi hii ya pili, pima kabla ya kuwauza, maana mama zao na dada zao bado wako zizini na ndio watakaokupa wengine kama hao. Kwa kundi la kawaida lisilo na historia yoyote ya mapacha, fedha hizo zinunue chumvi ya mifugo na dawa ya minyoo.